Sandwichi ya moto kama chakula cha usiku siku za kazi: tuijadili vizuri

MamaWatatu_Kireka

Wapendwa, habari za jioni. Kila mara humu mtu akiuliza apike nini Jumatatu hadi Alhamisi, jibu ni lilelile: pika matoke mengi Jumapili, uyapashe. Matoke ya kupasha yamenishinda. Yanakuwa magumu, rangi inapotea, watoto wanayasukuma pembeni ya sahani. Na kuanza kumenya ndizi upya wakati umesimama kwenye jamu ya magari hapa Kampala kuanzia Nakawa hadi Banda na umefika nyumbani saa moja na nusu, hiyo ni adhabu. Umenye, ufunge kwenye majani, uivishe kwa mvuke, ubonyeze, urudishe motoni. Mpaka hapo mdogo ameshalala na sare ya shule.

Mimi nimehamia kwenye sandwichi ya moto. Sisemi ile ya mkate na majarini ya kupeleka shule. Nasema mkate uliojaa nyama ya kusaga, umebanwa kwenye kikaango mpaka ukipitisha kisu juu yake unasikia unakwaruza, na mtoto anaushika kwa mikono miwili. Kitoweo kikiwa kimeshapikwa, kutoka kufungua mlango hadi watu kula ni nusu saa.

Kitoweo chenyewe napika Jumapili jioni. Nusu kilo ya nyama ya ng'ombe ya kusaga, na mwambie wa buchani asage ukiona. Naitia kwenye sufuria kavu bila mafuta, moto mkali, naiacha ishike chini kidogo kabla ya kuikoroga. Itatoa maji. Usiwe na haraka, yaache yakauke yote mpaka sauti ibadilike, iache kutokota ianze kukaanga. Hapo sasa vitunguu viwili, saumu, tangawizi, karoti ya kukwaruza, bizari kijiko cha chai. Nyanya mbili tu, na natoa mbegu na maji yake. Mwisho naingiza viazi vitatu vilivyochemshwa na kupondwa. Viazi vinakunywa mchuzi, vinaishikanisha nyama, na nusu kilo ile inajaza sandwichi nane nene.

Kujua kama kimekuwa tayari: chota kijiko, kigeuze juu chini. Kikidondoka, rudisha motoni.

Usiku wa siku ya kazi napasha kitoweo mpaka kinatoa moshi, kwa sababu kikaango kinachoma mkate tu, hakina muda wa kupasha cha katikati. Napaka siagi slesi upande wa nje, najaza, naweka kabichi iliyokatwa nyembamba, nafunika kwa slesi ya pili. Kikaango kizito, moto mdogo, juu yake sufuria ndogo yenye maji kidogo iwe uzito. Dakika tatu au nne, nageuza.

Msimamo wangu ni huu: sandwichi ikikataliwa nyumbani, usilaumu mkate. Laumu maji. Mchuzi ukiingia kwenye mkate umepika uji.

Haya, nyinyi mnaweka nini ndani? Na asiye na friji anafanyaje?

Afande_Mstaafu

Binti yangu, bidii yako naiona. Lakini sisi tuliokula posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage kambini miaka nenda miaka rudi, mkate tunaujua kama rafiki wa chai. Ukinipa mkate usiku nitaamka saa nane niko jikoni nafunua masufuria. Posho iwe chakula, hizo sandwichi ziwe kitoweo chake. Hapo tutaelewana.

BintiBombo

Shikamoo afande. Umenichekesha, sandwichi iwe kitoweo cha posho!

Mama Watatu, asante. Sisi Wanubi wa Bombo kula kitu kikavu chenye mchuzi mzito ndani si jambo geni, kuna gurusa, mkate wetu bapa, tangu bibi zetu. Kile kitoweo chako nakifahamu, ni cha sambusa kabisa, ila umeongeza viazi. Ongeza dania mbichi baada ya kuzima moto na ndimu nusu. Bila kitu kichachu, nyama na mkate na siagi vinachosha mdomo, mtoto anaacha nusu.

kimya_kimya256

Nafuatilia.

Boda_wa_Usiku

Banange, mnasumbuka bure. Rolex si ndiyo sandwichi ya moto? Chapati, mayai mawili, nyanya, kabichi, imekunjwa, umeondoka. Pale Wandegeya wanafunzi wa Makerere wamelelewa na hiyo. Ukiwa huna pesa ya mayai unakula kikomando, chapati imekatwakatwa kwenye maharage. Usiku mimi nakula hivyo kisha naendesha mpaka asubuhi. Afande hiyo atakubali.

MamaWatatu_Kireka

Afande, shikamoo. Siwezi kushindana na posho. Ila jaribu kuhesabu kilichomo: slesi mbili nene, nyama, kiazi, kabichi. Mtu mzima nampa mbili na bakuli la mchuzi wa mboga pembeni. Baba watoto mwanzoni alikuwa anaongea kama wewe. Siku hizi anauliza kama zimebaki za asubuhi.

Boda, rolex naipenda, wala sibishani. Tatizo ni watu sita. Nikisimama kwa muuzaji nimsubiri apike sita, moja baada ya nyingine, ya kwanza imeshapoa kabla ya ya sita kukunjwa. Na kusukuma chapati nyumbani usiku ni kazi nyingine kabisa: unga ukandwe, upumzike, usukumwe. Ukiwa na chapati za jana lakini, hiyo ni hoja. Chapati ya jana inabana vizuri kuliko mkate, haina matundu ya kunyonya mchuzi.

Mpishi_Jinja

Nimefanya kazi jikoni hotelini miaka mingi, ngoja niongeze machache kuhusu moto, maana hapo ndipo wengi wanaharibu.

Mikate mingi ya slesi ya hapa kwetu ina sukari. Sukari inawahi kubadilika rangi. Ukiweka moto mkali mkate unakuwa mweusi dakika ya kwanza wakati ndani hakuna kilichofanyika. Kwenye sigiri usiweke kikaango makaa yakiwa mekundu yanacheka. Subiri yafunikwe na jivu jeupe, yatawanye, kisha weka kikaango. Kwenye gesi weka moto wa chini kabisa na uwe na subira.

Mkate wa jana unafaa kuliko wa leo. Wa leo una unyevu mwingi, ukibanwa unalala kama kitambaa. Wa jana umekauka kidogo, unasimama.

Siagi pakeni nje kama Mama alivyosema, lakini pakeni na ndani pia, safu nyembamba mpaka kwenye kona. Mafuta ndani ni kama koti la mvua: mchuzi ukifika pale unateleza, hauzami. Majarini inafanya kazi hiyohiyo. Mayonezi ukipaka nje badala ya siagi inatoa rangi nzuri sana bila kuungua haraka, ila wengine harufu yake ikiwa moto hawaipendi.

Ukishaitoa usiilaze kwenye sahani bapa. Mvuke unatoka chini, unagonga sahani, unarudi kwenye mkate. Iegemeze kwenye ukingo wa sahani au iweke juu ya waya. Subiri dakika mbili ndipo ukate. Nimeona watu wanafanya kila kitu sawasawa kisha wanapanga sandwichi sita moja juu ya nyingine ndani ya hotpoti na kufunika. Kufika mezani zote zimelowa.

Parachichi usilipike. Likipata moto linakuwa chungu. Fungua sandwichi ikiwa tayari, ingiza parachichi, funga.

Nnyabo_Mukono

Mpishi, asante ssebo. Hapo kwenye hotpoti umenigusa.

Swali: sandwichi yangu nje inaungua na jibini ndani haijayeyuka. Natumia gesi, moto wa kati.

Mpishi_Jinja

Moto punguza, nnyabo. Kisha jibini ikwaruze, usiikate vipande. Vipande vinene vinahitaji muda ambao mkate hauna. Itoe kwenye friji kabla hujaanza kupasha kitoweo, na funika kikaango kwa mfuniko dakika mbili za kwanza ili joto lizunguke. Dakika za mwisho fungua mkate ukauke.

Mnyankole_Halisi

Mmefika kwenye jibini sasa mnaniita. Watu wa Kampala mnanunua zile slesi za plastiki kutoka nje wakati huku magharibi tunatengeneza Gouda kwa maziwa ya ng'ombe wetu. Chukueni ile changa, laini, ambayo haijakaa muda mrefu. Hiyo inayeyuka na kuvutika. Iliyokomaa sana inatoa mafuta na kubaki punjepunje. Weka kidogo chini ya kitoweo na kidogo juu, ikiyeyuka inashikisha mkate pande zote, hata mtoto wa miaka minne hamwagi.

Mama_Pacha

Jibini ni bei, ndugu yangu. Kwangu mimi nusu kilo ya nyama yenyewe ni ya wiki nzima. Kuna njia ya kufanya bila jibini na bila nyama?

Lakwena_wa_Lira

Ipo, dada. Odii. Karanga na simsim vilivyokaangwa na kusagwa pamoja, huku kaskazini kila nyumba ina chombo chake. Mpishi amesema mafuta ndani ya mkate yanazuia mchuzi. Odii inafanya hivyo na inashibisha juu yake. Paka slesi zote mbili upande wa ndani, katikati weka mboga iliyokaushwa vizuri, dodo (mchicha) au sukuma, na kitunguu kilichokaangwa. Chumvi kidogo, pilipili kwa wakubwa. Paka ndani tu. Ukipaka nje itaungua, na karanga ikiungua uchungu wake hauondoki.

Kuku wa jana akibaki, mchambue, mchanganye na odii na ndimu. Hiyo hata mgeni unampa.

Kama kuna mtoto ana mzio wa karanga au simsim achana nayo kabisa, na wageni wa watoto waulizwe kwanza.

MamaWatatu_Kireka

Lakwena hiyo ya kuku na odii naiiba. Mboga unaikaushaje?

Lakwena_wa_Lira

Ichemshe kidogo sana au ikaange bila maji, kisha ikamue kwa mkono kama unakamua nguo. Halafu ikatekate. Ukiikata kwanza ndipo uikamue, nusu inabaki kwenye vidole.

Mkulima_Masindi

Mama Pacha, jibu lako ni maharage, na nashangaa yamechelewa kutajwa hivi. Kikomando ndiyo hiyohiyo, ila ya Boda ina mchuzi mwingi kwa mkate.

Loweka usiku. Asubuhi mwaga maji yale, osha, weka maji mapya. Kulowesha kunapunguza muda jikoni, na anayenunua makaa anajua maana yake. Mwenye presha kuka ndiyo kabisa. Maharage ya aina ya nambale ni mazuri kwa kuponda, kanyebwa yana ladha tamu zaidi. Kuna pia aina za NAROBEAN ambazo NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, ilizitoa mwaka 2016, zina madini ya chuma na zinki kwa wingi, zinafaa hasa kwa watoto na mama wajawazito. Mimi napanda mojawapo, na jikoni zinaiva haraka.

Jambo moja msilipuuze, hasa maharage mekundu: lazima yatokote kwa nguvu, angalau dakika kumi, kabla ya kuyaacha kwenye moto mdogo. Yana sumu ambayo moto wa chini peke yake hauimalizi, na mtu akiyala hayajaiva anatapika usiku kucha. Ukishayatokosha vizuri na yakaiva hakuna wasiwasi.

Sasa kwa sandwichi. Kaanga vitunguu vitatu, ndiyo, vitatu, polepole mpaka viwe rangi ya kahawia. Usiviharakishe, utamu wote wa kitoweo kisicho na nyama unatoka hapo. Tia saumu, binzari nyembamba ya kusaga, nyanya moja ikauke. Ingiza maharage bila mchuzi wake. Ponda nusu, nusu yabaki mazima, ili mtu akitafuna akutane na kitu. Yakianza kushika chini, ongeza mchuzi wa maharage kijiko kimoja kimoja mpaka yafanane na matope mazito ya kukandikia nyumba. Chumvi mwisho. Ukitaka, yai la kukaanga juu yake, kiini kiive.

Huo mchuzi uliobaki usimwage. Tia chumvi na kitunguu, huo ndio wa bakuli la pembeni Mama aliloahidi afande.

Afande_Mstaafu

Mkulima, sasa unaongea lugha yangu. Maharage na mkate. Bado ni mkate, lakini maharage yanauombea msamaha.

Boda_wa_Usiku

Afande ameanza kulegea hahaha

Sina_Friji_Kalerwe

Mimi ni wa chumba kimoja, sigiri moja, friji sina. Hicho kitoweo cha Jumapili kwangu Jumatatu kimeharibika. Nifanyeje?

BintiBombo

Pole dada. Mimi nimekaa hivyo miaka. Usipike nyama ya kusaga ya kuweka. Inaharibika kuliko nyama ya vipande, maana imesagwa na kila sehemu imeguswa na hewa na mashine. Nunua robo tu siku unayoipika, imalize siku hiyo. Siku nyingine tumia vitu ambavyo havihitaji friji: mayai, odii, viazi, vitunguu, kabichi, karoti. Viazi ukivichemsha asubuhi pamoja na chai, visivyomenywa, usiku unavimenya, unavikaanga na kitunguu na bizari, unavunja mayai mawili juu yake, unakoroga mpaka yakauke. Hicho kinajaza mkate vizuri mno. Mayai yaive yote, yasibaki majimaji, kwa mkate na kwa tumbo.

Samaki wa moshi naye anafaa, mchambue kwa vidole polepole. Miiba midogo ikiwa ndani ya mkate mtoto haioni.

Mpishi_Jinja

Naunga mkono. Na kwa wenye friji pia, msiweke sufuria nzima ya moto ndani ikapoe huko. Itachukua saa nyingi katikati yake kupoa, na huko katikati ndiko vijidudu vinaongezeka. Kitandaze kwenye chombo kipana, kiwe chembamba, kipoe, kiingie kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita. Kinakaa siku tatu, nne kwa juu kabisa. Cha Jumapili kinaishia Jumatano. Kama wiki ni ndefu, gawa mara mbili, nusu iende kwenye friza.

Umeme ukikatika usiwe unafungua fungua kuchungulia. Friji iliyofungwa inatunza baridi kama saa nne. Ikipita hapo na ndani kuna nyama iliyopikwa, mimi siionji kupima. Natupa.

Nnyabo_Mukono

Wangu wa miaka saba anachomoa kila kipande cha kitunguu na kukipanga mezani kama vizibo vya soda. Msaada.

MamaWatatu_Kireka

Kikwaruze badala ya kukikata, kisha kipike na nyama mpaka kipotee. Asiambiwe.

Mwalimu_Arua

Nimesoma uzi wote, na ninaona hakuna aliyetaja njia ya Durban. Kule Afrika Kusini, watu wenye asili ya India walianzisha chakula kinaitwa bunny chow. Bunny kwa Kiingereza ni sungura, lakini pamoja na jina lake hakina sungura hata kidogo. Wanachukua mkate mzima usiokatwa, wanaukata nusu au robo, wanachimba sehemu laini ya ndani, wanamimina mchuzi wa viungo: wa maharage, wa kuku, wa kondoo. Ile sehemu laini iliyotolewa inawekwa juu, unaanza kula kwa kuichovya, kisha unaubomoa mkate wenyewe kutoka juu kushuka.

Nauleta hapa kwa sababu unapingana kidogo na Mama. Yeye anasema mchuzi ni adui. Kwenye bunny chow mchuzi unaruhusiwa kuingia kwenye mkate, ila kuta ni nene na ganda la nje linazuia usivuje. Kwa hiyo si maji peke yake, ni unene wa mkate pia. Slesi nyembamba haiwezi.

Nyumbani natumia mikate midogo ya mviringo, mmoja kwa kila mtu. Nakata kofia, nachimba, nauweka mtupu kwenye kikaango kilichofunikwa dakika tano ukauke ndani, ndipo namimina. Vyombo vya kuosha ni vijiko tu. Kwangu mimi baada ya kusahihisha madaftari, hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko ladha.

MamaWatatu_Kireka

Mwalimu, nakubali kusahihishwa. Kwa slesi nabaki na msimamo wangu, kwa mkate mzima umenishinda. Lakini hao wa Durban mchuzi wao ni mzito au kama wa kwetu wa kunywa?

Mwalimu_Arua

Mzito. Viazi vimo ndani yake mara nyingi, vimeanza kuvunjika na kuukaza mchuzi. Kwa hiyo viazi vyako vimepata ushahidi.

Afande_Mstaafu

Mwalimu, mkate wenye kuta, wenye maharage na mchuzi ndani. Hiyo sasa ni mesi tini, bakuli la askari. Hiyo naikubali bila posho.

Boda_wa_Usiku

Uzi ufungwe, afande ameangushwa

Mnyankole_Halisi

Na jibini juu.

Mama_Pacha

Nimejaribu ya maharage jana na nyanya na kabichi juu. Watoto wamemaliza. Lakini kabichi ilitoa maji mengi, chini mkate ukalowa. Nimeitumia mbichi.

MamaWatatu_Kireka

Hongera dada. Kabichi ikate nyembamba kama nyuzi, itie chumvi kidogo, iache kwenye bakuli wakati unapasha maharage. Kisha ikamue kama Lakwena alivyosema kwenye mboga. Ongeza siki au ndimu baada ya kukamua, siyo kabla. Nyanya mbichi mimi siweki ndani kabisa, naikata pembeni kwenye sahani. Anayeitaka ataiingiza mwenyewe ikiwa mkononi.

Sina_Friji_Kalerwe

Ya viazi na mayai imefanya kazi. Sigiri moja, nilikaanga viazi kwanza, nikafuta kikaango kwa karatasi, mkate ukafuata palepale. Uzito sikuwa nao, nikaweka birika la chai juu. Chai ikabaki na joto lake.

Mpishi_Jinja

Birika juu ya mkate! Hiyo hotelini hatukufundishwa. Safi sana.

Afande_Mstaafu

Binti yangu Mama Watatu, wajukuu wanakuja kwangu Ijumaa na bibi yao anasafiri. Wako watano, na mimi. Nataka kufanya ile ya mwalimu, ya maharage. Nianzie wapi na ninunue nini? Nipe kama amri, nitaifuata.

MamaWatatu_Kireka

Sawa afande. Alhamisi usiku loweka maharage nusu kilo. Ijumaa asubuhi mwaga maji, weka mapya, yatokote kwa nguvu dakika zile kumi za Mkulima, kisha moto mdogo mpaka yaive laini. Vitunguu vitatu, nyanya mbili, saumu, bizari, viazi vinne ndani ya mchuzi. Mikate midogo ya mviringo sita, inunue Alhamisi, siyo Ijumaa. Kama duka lenu hawana, chukua mikate mitatu mizima isiyokatwa ya nusu kilo na uigawe kati.

Kuchimba waachie wajukuu, ila waambie wasifike chini.

Afande_Mstaafu

Imepokelewa. Nitachukua mikate minane. Miwili ni ya saa nane usiku.